Kadi Ilikuwa Mezani

Tumbo lilipona. Hilo ndilo watu huniuliza kwanza, nami hulijibu kwanza ili tumalizane nalo.

Mwaka ule wa mvua ya Elnino nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha magodoro, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka chumba chetu cha Mukuru kwa Njenga. Nilikuwa nimeandikwa. Si wale wa kusimama getini asubuhi wakingoja kunyooshewa kidole. Nilikuwa na namba yangu, aproni yangu na ndoano yangu ya kuitundika. Kazi yangu ilikuwa kushona vitambaa vya kufunika magodoro, na mashine yangu ilikuwa karibu na mlango wa chumba walimosagia mabaki ya sponji. Vumbi lake ni jepesi, linaelea kama unga wa kinu. Ukirudi nyumbani ukijipiga kofi mgongoni, linatoka.

Na mimi nina pumu tangu utotoni.

Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu wa kifua hatakiwi. Lakini tuliona. Mama mmoja tuliyeshona naye alikohoa wiki mbili, akaambiwa aende apumzike, na kabla hajapumzika mtu mwingine alikuwa ameshakalia kiti chake. Sisi wengine tukajifunza. Ukitaka kukohoa unaenda chooni. Tembe zangu za aminofilini nilizifunga kwenye fundo la kitambaa cha kichwa, maana askari wa getini alipekua mifuko na sidiria, lakini kitambaa cha kichwa hakukifungua. Nilimeza moja asubuhi na moja jioni, miaka mingi. Nilikuwa sizihesabu tena kama dawa. Zilikuwa kama chumvi, kitu cha nyumbani.

Tumbo ndilo lililonitoa mafichoni. Lilikuwa linawaka, kuanzia chini ya kifua mpaka mgongoni. Nilikunywa maziwa kama walivyonishauri majirani, likatulia saa moja, likawaka tena. Siku moja nilitapika juu ya kitambaa cha godoro, supavaiza akaniandikia niende kwa daktari wa kampuni.

Hapa lazima nieleze desturi ya kiwanda chetu. Mfanyakazi akienda kwa daktari wa kampuni, hakwenda peke yake. Sista, yaani muuguzi wa kampuni, alimsindikiza, akaingia naye, akakaa naye. Walituambia ni heshima. Sista alibeba kadi yako ya kaki, na kila alichosema daktari, na kila ulichojibu wewe, alikiandika. Jioni kadi ilirudi kulala kwenye kabati la karani wa wafanyakazi. Karani huyo ndiye aliyeandika barua za kupumzisha watu.

Nilipelekwa kumezeshwa mpira wa kuangalia tumbo. Baada ya siku chache tukarudi kwa daktari, mimi na sista. Sista akaweka kadi juu ya meza, katikati yetu, akafungua kalamu.

"Mama, kuna mdudu tumboni," daktari akasema. "Ndiye anayekuchoma. Ana dawa, lakini hauawi na dawa moja. Tutampiga na tatu pamoja, siku kumi na nne, usiruke hata moja."

Nikasema sawa.

"Unatumia dawa nyingine yoyote? Ya presha, ya sukari, ya kifua? Hata ya kichwa, niambie."

Kalamu ya sista ilisimama. Niliiangalia. Fundo la kitambaa lilikuwa pale juu ya sikio langu, na ndani yake tembe nne.

"Hapana, daktari."

"Una uhakika?"

"Mimi ni mzima. Ni tumbo tu."

Sista akaandika. Daktari akanipa karatasi, akagonga jina la dawa ya pili kwa kidole. "Hii ya manjano haipendi kuchanganywa ovyo. Ukipewa kitu kingine chochote, uliza kwanza."

Basi nikauliza. Watu wakinisema kwamba nilikuwa mjinga nisiyeuliza, wanasema uongo. Nilimuuliza yule aliyekuwa akiniuzia tembe za pumu, mwenye duka la dawa karibu na daraja. Kwetu mtu akisimama nyuma ya kaunta yenye dawa anaitwa daktari. Huyu kabla ya dawa alikuwa akiuza viatu vya mitumba, na tulijua, na bado tulimwita daktari.

"Daktari," nikamwambia, "kuna mtu ana pumu, anatumia aminofilini. Sasa amepewa hii ya manjano. Zinaelewana?"

"Huyo mtu ni wewe, mathe."

"Ni mtu."

Akacheka. "Basi mwambie huyo mtu, hii ni ya tumbo na hiyo ni ya kifua. Kila moja iko na njia yake. Zitakutana wapi?"

"Zikutane choo!" akasema mama mmoja nyuma yangu, na wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimepata jibu nililolitaka. Nikanunua aminofilini nyingine nikaenda zangu.

Siku ya pili nilianza kuhisi kichefuchefu. Siku ya tatu mikono ikaanza kutetemeka, mpaka sikuweza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, nikamwomba mwenzangu anipitishie. Usingizi ulikatika. Moyo ulikuwa unakimbia nikiwa nimekaa tu.

Mume wangu ni mchongaji. Kwao, na kwetu pia, dawa isiyokusumbua si dawa. Nilimwonyesha mikono.

"Mama watoto, hiyo ndiyo kazi yake," akasema, bila kuweka chini patasi. "Mdudu hafi kimya. Akipigwa lazima akupige na yeye."

"Na kama ni mimi napigwa?"

"Vumilia. Umebakisha siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Si nyingi."

Sasa kosa langu mwenyewe, nisije nikataja ya watu tu. Tangu utotoni nilijua kwamba moyo ukianza mbio, pumu iko njiani. Unameza kabla haijafika. Kwa hiyo kila moyo ulipokimbia nilifungua fundo nikameza. Moja ikawa mbili. Siku ya nne nilimeza tano au sita. Kadiri nilivyomeza ndivyo moyo ulivyokimbia, na kadiri ulivyokimbia ndivyo nilivyomeza. Mtu akiwa nje anaona. Mimi nilikuwa ndani.

Siku ya tano, saa nne, wakati wa chai, nilisimama kwenda kuchukua kikombe. Kikombe nakikumbuka, kilikuwa cha bati la kijani. Baada ya hapo nasimuliwa.

Nilianguka kando ya mashine, nikakakamaa, nikatupa mikono na miguu, povu likatoka. Mwenzangu aliyekuwa akinipitishia uzi alitaka kunishika. Supavaiza akampigia kelele, "Usimguse! Hicho ni kifafa, kitakurukia!" Basi wakasimama duara, watu wazima, na vikombe vyao mkononi. Simlaumu mwenzangu. Supavaiza namlaumu, na nikikutana naye leo nitamwambia.

Sista ndiye aliyekuja akapiga magoti. Akanilaza ubavu, akanifungua kitambaa cha kichwa ili akiweke chini ya kichwa changu. Fundo likafunguka na tembe zikatawanyika kwenye sakafu ya saruji, mbele ya kila mtu. Mwenzangu anasema sista aliokota moja, akaigeuza, akaisoma, akasema neno la kwao ambalo halisemwi. Halafu akaokota zote, akazitia mfukoni, akaita gari.

Hospitalini aliwapa zile tembe na majina ya dawa tatu za tumbo. Kama si hivyo, wangenitibu kifafa, na ningekufa. Najua hivyo kwa sababu daktari kijana wa pale aliniambia waziwazi siku niliyoweza kuelewa.

"Ini lako ndilo linalosafisha dawa ya pumu iondoke mwilini," akasema. "Ile ya manjano inalizuia. Dawa ya pumu inaingia lakini haitoki. Mnakaa wapi?"

"Mukuru kwa Njenga."

"Basi unajua mtaro uliozibwa mvua ikinyesha."

Nilijua. Wiki hiyo maji yalikuwa yameingia chumbani mwetu mpaka kwenye kitanda.

"Na wewe," akasema, "ukaongeza maji."

Sikulia. Watu husema walilia. Mimi nilitazama dripu ikidondoka, nikawa nahesabu matone, nikifika mia naanza upya.

Daktari wa kampuni alikuja kunitazama mara moja. Alisimama miguuni pa kitanda. "Mama, nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mara mbili."

"Kadi ilikuwa mezani," nikamjibu.

Alifikiri kwanza. Nilimwona akifikiri. Kisha akaangalia saa yake, akaniambia nipone haraka. Kwa lawama yeye namweka juu kuliko mwenye duka. Mwenye duka alikuwa muuza viatu. Huyu alisoma, alijua swali ni la kuulizwa, akaliuliza mbele ya kalamu ya mwajiri. Angesema tu, sista, tupishe kidogo. Maneno matatu.

Nilirudi kiwandani baada ya wiki tatu. Nilikuta ndoano yangu ina aproni ya mtu mwingine. Karani wa wafanyakazi alikuwa na kadi yangu mbele yake, imefunguliwa.

"Uliambia kampuni uko mzima," akasema.

"Niliambia daktari."

"Ni kitu kimoja."

Hapo alisema ukweli, pengine bila kujua. Akanipa barua. Iliandikwa kwamba napumzishwa kwa sababu za kiafya. Mama yule aliyekuwa akikohoa alipewa ya maneno hayo hayo, tuliwahi kuzilinganisha.

Sista nilimkuta kwenye varanda. Nadhani alikuwa ananingoja. Ni mwanamke wa rika langu, wa kanisa, mkononi alikuwa na kadi za watu wengine.

"Ningenyamaza ungekufa," akasema.

"Najua. Asante, sista."

"Ungeniambia mimi mapema, mama. Kando. Mwanamke kwa mwanamke."

"Nawe ungeandika?"

Aliangalia zile kadi. "Ningeandika," akasema.

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Nimejaribu kumchukia, sijaweza vizuri. Mkono uliotoa tembe mfukoni ndio ulioziandika kwenye kadi, na yote mawili yalikuwa kazi yake.

Mdudu alikuwa bado yuko. Siku tano hazikumwua, zilimchokoza tu. Mvua ilipokwisha tumbo likaanza kuwaka upya, nikarudi kwa yule daktari kijana wa hospitali. Alikuwa na mwanafunzi wa uuguzi ameketi pembeni. Akamwambia aende kwanza akanywe chai, akafunga mlango kwa mguu.

"Sasa niambie," akasema. "Kila kitu kinachoingia mdomoni."

Kwa mazoea niliangalia meza. Palikuwa na kalamu na chupa ya chai. Nikafungua fundo nikazimwaga tembe zote mbele yake. Nikamwambia aminofilini, na ngapi kwa siku. Nikamwambia dawa ya kiungulia ninayonyonya kama peremende. Nikamwambia mizizi ya mama mkwe, ya kuchemsha, na yale mawe laini ya sokoni ninayotafuna tangu nilipokuwa na mimba. Aliandika yote, hakucheka. Mawe na mizizi akaniambia niache mpaka nimalize. Ile ya manjano hakunipa. Badala yake alinipa nyingine chungu, mdomo unabaki kama umenyonya msumari, akanikataza pombe hata tone, hata iliyomo kwenye dawa ya kikohozi, mpaka siku tatu baada ya tembe ya mwisho.

Kuyasema yote kulichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Sikuwa na cha kuogopa. Hapakuwa tena na mahali pa kufukuzwa.

Siku kumi na nne, sikuruka hata moja. Tumbo likapona.

Siku hizi nampigia mume wangu msasa. Yeye anachonga twiga, mimi nawalainisha shingo. Mikono haikurudi kuwa ya sindano, lakini kwa msasa inatosha. Vumbi la mbao ni zito kuliko la sponji, linakaa kooni. Kifua kikinibana nakohoa hapo hapo nilipokaa, kwa sauti, mpaka kiishe, halafu namchukua twiga mwingine.