Vita vya Ukingo wa Mfereji

Juzi nilitoka kwangu mjini Tuwan nikapanda mlimani Cheptais, kwetu, kumwona dada yangu, nikakuta vijana wanamwaga simiti kwenye mfereji wetu wa zamani. Mmoja akaninyooshea mkono. "Polepole, shosho, utateleza." Mimi niteleze! Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Rafiki yangu, jino langu la mbele lilibaki pale.

Zamani mfereji ulikuwa udongo mtupu, unateremsha maji ya mlima, unapita juu kidogo ya boma letu. Mwaka mmoja fuko alitoboa ukingo. Kwanza ukuta wa jikoni ulitoa jasho, halafu kuku wakaanza kuzama miguu nyuma ya nyumba. Nyanya yangu akasema, "Maji hayabishi hodi." Asubuhi akaziba mfereji hatua chache juu ya tundu kwa mawe na migomba, akafukua palipovuja, akajaza udongo wa kufinyanga vyungu na mavi ya ng'ombe, akatusukuma ndani watoto wote. "Kanyageni!" Tope lilikuwa baridi, linalia kati ya vidole, na viazi vitamu vilikuwa vinaiva kwa jivu. Lakini tulijua si mchezo. Maji yakirudi kabla udongo haujashikana, yatabeba ukingo, na ukingo utabeba nyumba.

Jirani wa chini naye alikuwa na miche ya kabichi, na jua lilikuwa kali. Akaja na rungu.

"Mama, fungua maji!"

"Kesho."

"Kesho nitakula nini, tope lako? Miche inakufa!"

"Wacha ife. Ama unataka tufe sisi?"

Akapiga teke jiwe la kwanza. Nyanya akamtwanga mgongoni na mpini wa jembe, puu! kama gunia la mahindi linaangushwa chini. Rungu likarudi likampasua nyanya paji la uso, damu ikafunika jicho. Mimi nikarukia mguu wa yule mtu, nikauma mpaka nikaonja chumvi. Teke lake likaondoka na jino. Nyanya akamkaba shingo, wote wawili wakaanguka kwenye tope letu, magoti, viwiko, matusi ya kila lugha ya mlimani. Wakainuka, wakaanguka tena, wanakanyagana kama mafahali, mpaka mikono ikakataa kazi.

Wakabaki wameketi, wanahema. Jirani akagonga chini na ngumi. Akagonga tena.

"Mama, hapa pameshikana."

Nyanya akakandamiza kwa kisigino. Pagumu kama sakafu. Akatema damu. "Si ufungue, basi. Polepole, mjinga wewe."

Jirani akatoa jiwe moja moja. Maji yakapita. Ukuta wetu haukutoa hata tone.

Mpaka naolewa, ukingo ulivuja kwingine, pale hapana. Na kila ulipovuja, jirani ndiye alifika wa kwanza na jembe lake, anatukana tangu mbali, na nyanya anamtengea kiazi kikubwa.

Simiti ni nzuri, sikatai. Lakini nilimuuliza dada siku hizi ni nani analima huko chini. "Mtu fulani tu," akasema. "Alinunua. Simjui."

Zamani, hata mtu akikupasua kichwa, ulikuwa unajua majina ya ng'ombe wake.