Redio Kifuani mwa Baba Mdogo

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyopima kifaa kilichotolewa kifuani mwa baba mdogo Osmund, kabla hatujamzika pale Ukata.

Nilikuwa kijana, nimesomea ufundi wa redio ng'ambo. Huku nyumbani biashara ilikuwa imeachiwa huru, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda milima ya Mbinga, nami nilijiona nimewapita wote. Kampuni ndogo iliyoniajiri huko ng'ambo ilitengeneza vifaa vya kuusaidia moyo unaopiga polepole. Kazi yangu ilikuwa kirusha mawimbi, redio ndogo kama punje ya mahindi, ya kupeleka habari za moyo kwenye boksi la kupokelea nyumbani kwa mgonjwa. Ilitumia betri ileile iliyousukuma moyo, kwa hiyo ilipaswa kula umeme kidogo sana.

Niliipanga hivi: boksi lisipojibu, iite tena, na tena. Mezani kwangu boksi lilijibu daima. Fundi wetu mkuu, mama mtu mzima, aliniuliza, "Na mgonjwa akiwa mbali na boksi?"

"Ataambiwa asiliache," nikajibu. Sikuinua hata macho.

Baba mdogo alikuwa na moyo mchovu. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi kwenye majaribio ya kifaa chetu. Akawekewa kifaa, akarudi nyumbani, akaanza tena kupalilia kahawa yake. Kisha akashuka Mbaha, ziwani, kumuuguza dada yake. Boksi likabaki Ukata. Miezi yote aliyokaa huko redio yangu iliita bila kupumzika, ikila betri. Aliporudi, mimi nilikuwa nimefika likizo jana yake. Alianguka mlangoni, mbele yangu.

Daktari alikitoa kifaa, akanikabidhi. Nikakipima. Betri ilikuwa tupu. Mkewe, mama mdogo Gaudensia, alinitazama.

"Kilikuwa kinamwita nani?"

"Boksi, mama."

"Nililifunika kitenge lisipate vumbi. Ulituambia tulitunze. Hukutuambia kwamba linaitwa."

Aliishi miaka mingi baadaye. Shikamoo yangu aliiitikia, lakini habari za kazi yangu hakuuliza tena.

Basi wewe unayesomea vifaa hivi, kabla hujachora kitu cha kuingia mwilini mwa mtu, nenda ukakae kwake. Uone anaamkaje, anasafiri wapi, nani humwita akiugua. Kifundishe kifaa chako kunyamaza kisipojibiwa. Na mkubwa wako akikuuliza swali, weka kalamu chini umsikilize.

Mungu aiongoze mikono yako, mwanangu, na usije ukamzika mtu kwa kazi uliyoifanya kwa kumpenda.