Skrini Ilisema Wote Wametoka

Jumatano jioni, Geita.
Wifi yangu Neema, nanyi mliouliza mbona sipokei simu.

Leo tulikaribia kulipua baruti mtu akiwa chini.

Wachimbaji wa duara letu la dhahabu huvaa buti na kuacha ndala mdomoni mwa shimo. Mimi nawaandika kwenye kompyuta: nani yuko chini, nani ametoka.
Kawaida hutoka pamoja.
Leo walishuka wawili. Nilipomwandika Masanja aliyetangulia kutoka, skrini ikasema wote wametoka.

"Mama Kulwa, tulipue?" msimamizi akauliza.
Nikatazama ndala. Jozi moja ilikuwa bado pale.
"Subiri, kaka. Hizo za nani?"
"Labda za mzimu," akacheka.
Masanja akazitambua.

Zilikuwa za Shija. Walimvuta juu akiimba, hana habari.

Nikafungua maandishi ya ndani ya programu. Kila mchimbaji alipaswa kuwa na sehemu yake ya "ametoka". Aliyeitunga aliiweka moja tu, kwa kundi zima. Ukiibadilisha kwa mmoja, imebadilika kwa wote.
Nimerekebisha. Imekubali.

Ndipo nikamfikiria mume wangu.

Siku Baba Kulwa alipobaki nyuma ya wenzake, programu hii hii ilisema ametoka. Wakalipua.
Ndala zake za bluu ninazo. Kamba moja aliifunga kwa waya.

Programu hii iko pia kwenye maduara ya Buseresere. Napiga, hawapokei.

Mwenye ndugu anayeshuka huko ampigie sasa. Wahesabu ndala kwanza.
Na mumkumbuke Baba Kulwa.