Siku Tulipoosha Migomba

Chokaa ikichomwa hutoa harufu kavu inayokwama kooni, na kiangazi kile, nikiwa na miaka tisa, tuliamka nayo na kulala nayo. Tuliishi bondeni chini ya Nyakabuye, kando ya kiwanda cha chokaa. Papa alipakia magunia humo. Jirani wa kulia alichochea tanuru, wa kushoto alilinda lango; bila kiwanda, mtaa mzima ungelala njaa. Vumbi lilitua kwenye nguo tulizoanika, kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, jikoni, na kifuani mwa mdogo wangu Zawadi, mtoto wa miaka minne, aliyekohoa hadi machozi yakamtoka. Nasema wazi kwamba tulijua. Hakuna mama pale ambaye hakujua.

Ikavuma habari kwamba kuna wageni wanakuja na madaftari kuwauliza wakazi kuhusu vumbi. Hakuna mkubwa wa kiwanda aliyetuamuru lolote. Mama zetu wenyewe ndio waliotutoa asubuhi na ndoo na matambara, tukaosha migomba ya kando ya barabara, jani kwa jani, ikawa ya kijani kama migomba ya watu wengine. Mungu anisamehe, niliona ni mchezo, nikacheka. Maman alipenda kusema mkono usioweza kuukata, ubusu, na siku hiyo tuliubusu kweli kweli. Zawadi alikuwa ameshapelekwa mlimani Mibirizi kwa shangazi, dada yake Papa, ili kikohozi chake kisisikike.

"Bakikuuliza," Maman aliniambia, "sema hapa kwetu hakuna muntu anakohoa."

Mgeni, mwanamke mpole mwenye miwani, akaniuliza mimi. Nilisema hivyo hivyo, nikimtazama usoni, naye akaandika.

Baada ya wiki mbili nilipanda na Maman kwenda kumchukua Zawadi. Tulimkuta anakimbizana na kuku uwanjani, mashavu yamejaa. Shangazi alimvuta Maman kando.

"Uniachie huyu mutoto," alisema. "Hapa analala usiku muzima, hakohoi."

Maman akasema majirani wangeuliza kwa nini mtoto amebaki huko, na maneno yangefika kiwandani kabla ya Papa. Tukateremka naye. Mimi nilifurahi kumpata mwenzangu wa kucheza naye, na furaha ile inaniuma mpaka leo.

Kiwanda chenyewe kilifungwa mawe yalipoisha, bila hata kutuaga. Vijana wa bondeni sasa wanalisimulia vumbi lile bila woga, maana ukweli haumnyimi tena mtu chakula. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha ya mtoto, na anayelipa ni yeye. Zawadi anaishi nami Kamembe. Kutoka sokoni hadi mlangoni hupumzika mara tatu. Wazazi wetu wameshakufa, basi mwezi uliopita nilimwomba msamaha peke yangu. Alikaa kwanza, akangoja pumzi imrudie.

"Kunificha, nilishasamehe," alisema. "Lakini juu ya nini mulinirudisha?"