Joint ya Zamani kwenye Kolekta Mpya

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, na usiogope kama hujawahi kushika funguo za kukazia nati za gari. Kazi yenyewe si ngumu. Inachosha tu.

Kati ya injini na mabomba ya moshi kuna kitu chembamba, bapa, chenye matundu, ambacho huku kwetu tunakiita joint. Vyuma viwili, hata ukivikaza namna gani, havikutani sawasawa. Joint ndiyo inayoziba nafasi inayobaki. Ukiikaza inabonyea na kufuata sura ya vyuma hivyo. Ikishabonyea imebonyea, hairudi.

Niliyaeleza hayo Kabambare, uani kwa shemeki, nikiwa nimetoka Kasongo kwa pikipiki na mgongo wote ukiniuma. Aliyeniita ni yaya, dada yangu mkubwa, mke wake. Yaya anauza mchele na karanga Salamabila, na jeep ya mumewe ndiyo inayobeba magunia. Kolekta, kile chuma kinachopokea moshi kutoka kwenye injini, ilikuwa imepasuka, na moshi ulipenya ndani hadi kwenye kiti chake. Kila safari alishuka kichwa kikimgonga, akatapika kando ya barabara. Pikipiki nayo hakutaka kuisikia tangu ilipomwangusha na kumvunja mguu.

"Moshi ao mguu," aliniambia kwenye simu. "Unichagulie wewe."

Shemeki alikuwa ameshaagiza kolekta nyingine kutoka Kalemie. Haikutoka kwa waliotengeneza gari; ilikuwa ya mabomba membamba yaliyounganishwa, inang'aa. Mimi nilileta joint mpya kwenye mfuko wangu wa kazi. Akaigeuzageuza kama mtu aliyepewa samaki aliyelala.

"Hii ni ya Kichina, shemeki. Itaungua kama karatasi. Rudisha ile ilikuja na gari. Ile ni origine."

"Na kolekta yako iko ya wapi?"

"Ile ni chuma. Chuma haina kabila."

Nilicheka, ingawa nguvu ya kucheka sikuwa nayo. Kwetu neno origine lina heshima kubwa. Kitu kikuukuu kilichokuja na gari kinaaminiwa kuliko kipya cha dukani, na mara nyingi watu hawakosei, maana vipya vingi vimetutoa machozi. Lakini joint si chuma. Nikamweleza polepole kwamba ile ya zamani imeshafuata sura ya kolekta iliyokufa, na uso wa hii mpya ni mwingine. Akajibu kwamba gari ni lake. Nikairudisha ile ile ya zamani, nikafungia kolekta mpya juu yake.

Injini ilipowaka tukasikia tss, tss, tss. Shemeki akasema ni mafuta yanaungua juu ya chuma kipya, yataisha. Yaya akapanda, akakaa kiti cha mbele. Hakukaa sana. Alishuka ameshika paji la uso, akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Mubakie wawili na origine yenu," akasema. "Kesho mimi napanda pikipiki. Nikivunja na mguu wa pili, mutanibeba."

Shemeki alikwenda kuuchukua mfuko wangu wenye joint mpya, akauweka karibu na funguo zangu za nati, akafungua kofia ya injini yeye mwenyewe.

Tulingoja ipoe. Kufungua ulichokifunga punde kunachosha kuliko kukifunga. Joint ya zamani ilitoka vipande vipande, na pale moshi ulipopita palikuwa na masizi meusi. Shemeki akayagusa kwa kidole, akanitazama, akafuta kidole kwenye suruali.

Nikaziba matundu ya injini kwa vitambaa ili makombo yasiingie, nikakwangua uso wake kwa kisu butu mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Kisha nikaondoa vitambaa na kuilinganisha joint mpya, kila tundu juu ya tundu lake, kavu, bila gundi. Nikarudisha kolekta juu yake, nati zote nikazizungusha kwanza kwa vidole, ndipo nikatia ufunguo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, upande wa pili unanyanyuka.

Yaya alipanda tena, akafunga vioo.

"Unasikia harufu gani, yaya?" nikamuuliza kupitia kioo.

"Jasho ya huyu bwana. Hiyo haina joint."

Shemeki akacheka mpaka akakohoa. Wakaenda hadi njia ya Lusangi na kurudi. Yaya alishuka bado anaongea, mkono haukugusa kichwa, akaanza kuagiza magunia yapakiwe. Mimi nilitamani mkeka tu. Alipoona nimeketi karibu na injini, ufunguo mkononi, akashangaa.

"Si imeisha?"

Bado, nikamwambia, ipoe kwanza. Moto wa kwanza huilaza joint mpya, na nati hubaki zimelegea. Nawe ukimaliza ya kwako, washa injini ipate moto vizuri, izime, ngoja ipoe kabisa, halafu kaza tena kila nati, ukianzia katikati kwenda pembeni.