Nani Alibadilisha Meno ya Mashini ya Marehemu?

Likasi, tarehe 9 Juni

Mama Msimamizi wa ukurasa huu,

Ninakuomba ufiche jina langu, kwa sababu watoto wangu wanasoma hapa. Nina miaka sabini na moja, na nimekuwa mjane tangu nikiwa na ishirini na nane. Ninaishi mtaa wa Panda na binti yangu. Kuna mtu anangoja jibu langu, na sijui nimjibu nini.

Marehemu bwana yangu alikuwa mshonaji wa ngozi katika atelie, karakana ya kampuni ya shaba. Alishona glavu na aproni za watu wa tanuru kule kiwandani Shituru. Katika miaka ile ya kuitana citoyen na citoyenne, yaani raia, mgeni mmoja mwenye duka la viatu alirudi kwao, na serikali ikampa duka lake mtu wa hapa ambaye alijua tu kulifungua na kulifunga. Akaanza kuuza mashini za kushonea ngozi. Zilibaki mbili, za aina moja. Bwana yangu alienda kuchagua pamoja na rafiki yake wa kazini, nitamwita Baba Modeste. Nami niliwafuata, mtoto mgongoni.

Baba Modeste alipenda ile yenye kung'aa. Bwana yangu hakuangalia rangi. Alizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, sikio karibu na chuma. Akashika sindano kuona kama inacheza. Kisha akatoa mfukoni kipande cha ngozi, akakikunja mara nne, akakishona na kukipindua.

"Weye unaoa ao unanunua?" Baba Modeste akamcheka.

"Minye naangalia tumbo. Sura chukua weye."

Akanionyesha upande wa chini wa ngozi. Meno yanayosukuma ngozi huacha alama ndogo pale, na ya mashini ile isiyong'aa yalikuwa na jino moja lililovunjika, basi kila mstari ulikuwa na pengo. Akasema haliharibu kazi. Alichagua hiyo, na haikumsumbua hata siku moja. Ile ya kung'aa, aliyonunua Baba Modeste, ilikuwa inaruka mshono kila mara.

Kila asubuhi alitoa vumbi la ngozi kwa unyoya wa kuku, akatia matone ya mafuta, akashona kwanza kipande kibovu ili mafuta yaliyozidi yaishie humo. Siku moja mafuta ya mashini yalikosekana mjini, nikamletea ya jikoni. "Mama, unataka kuikaanga?" Akaniambia hayo yatageuka gundi ndani. Alingoja siku nne bila kushona, akipiga mluzi tu.

Alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, ndugu zake walikuja kubeba vitu, kama ilivyokuwa desturi. Walibeba kitanda, redio, hata sufuria. Mashini haikuwapo tena: asubuhi ya maziko Baba Modeste alikuwa ameipakia kwenye mkokoteni na kuificha kwake. Nilimshukuru kwa machozi. Kilio kilipomalizika, mwaka mzima baadaye, aliirudisha. Nikakaa, nikashona. Ikaruka mshono. Nikapindua ngozi. Alama zilikuwa kamili, hakuna pengo.

Mwili ulikuwa wa mashini yetu, lakini ndani si yetu. Miaka ile ulichagua maneno hata ndani ya nyumba yako, na kama ningeshitaki, wangeanza kuuliza duka liliuza mashini hizo kwa ruhusa ya nani. Badala yake nikawa mwenye kupindua vitu vya watu, nikitafuta pengo lile. Sokoni nilipindua mikoba. Kanisani nilitazama mikanda ya mama walionikalia mbele. Miezi saba hivi. Ndipo mama mmoja wa kwaya akaweka saki yake, mkoba wa ngozi, kwenye benchi, nikaipindua, nikaona pengo. "Nani alishona?" "Ni Baba Modeste."

Nilienda kwake mchana uleule. Bibi yake, mama wa watoto wake, alikuwa anapepeta mchele.

"Baba Modeste, rudisha tumbo ya mashini ya bwana yangu."

Hakukataa. Alisema: "Mama, ni yeye mwenyewe alibadilisha, akingali na nguvu. Alinikataza kusema."

"Kwa nini?"

"Hiyo siwezi."

"Basi nimuulize yeye? Kule makaburini?"

"Kama unataka, nitairudisha leo. Lakini usiniite mwizi."

Nikamwita mwizi. Mbele ya bibi yake, mara tatu, majirani wakisimama. Hata alichotaka kurudisha sikukichukua, kwa hasira. Nilishona kwa mkono, sindano mbili, na watoto watatu walikula na kusoma. Baba Modeste alihamia Kapolowe, nje ya mji, kulima. Hatukusalimiana tena.

Juma lililopita binti yake alipiga simu. "Mama, papa iko muzaifu sana. Anakuita. Anasema iko na neno ya bwana yako, haiwezi kupita kwa simu."

Watoto wangu wanasema nisiende, kwamba mwizi anatafuta tu kulala vizuri. Mimi sina hakika hiyo. Tangu simu ile ninakumbuka Jumapili moja, miezi michache kabla ya kifo. Mashini zote mbili zilikuwa wazi uani, vyuma vimepangwa juu ya gazeti, na bwana yangu alinituma maji mara mbili, ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Kama Baba Modeste atakiri aliiba, nitasamehe, nadhani. Lakini kama alisema kweli, nilimchafua mtu mwema maisha yake yote. Na bwana yangu, ambaye sikuwahi kumshuku kwa lolote, alitoa mkate wa watoto wangu mbele ya macho yangu, akanificha. Sijui ninaogopa lipi zaidi.

Nyinyi mnaosoma, mngefanyaje? Nipande gari la Kapolowe, ao nimwache aondoke na neno lake? Nijibuni upesi, hana siku nyingi. Na mnikumbuke katika sala zenu.