Bakuli la Kitako cha Kinu

Mdogo wangu wa mwisho alipokuwa anajiandaa kuolewa Iringa, aliniomba kitu kimoja tu: chochote cha mama. Baba alitangulia kufariki, mama akafuata huyu mdogo akiwa bado ananyonya, na mimi mkubwa nikaacha shule kuwalea. Vitu vya mama vilikuwa vimekwisha. Khanga zilichakaa miilini mwetu, masufuria yalitoboka. Kilichobaki ni kinu cha mninga, kimepasuka ubavuni, kinanyeshewa nyuma ya nyumba ya mama mdogo kule mlimani.

Nilipokifuata nilimkuta anapanga karoti kwenye tenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakipeleka wapi hicho?"

"Karakana, Kihonda. Nataka nikikereze, kiwe bakuli."

"La kulia ugali?"

"La pambo. Linakaa tu mezani."

Akacheka mpaka karoti zikamponyoka. "Bakuli lisilotiwa kitu! Mjini mmeshiba, mwanangu. Haya, chukua. Ila ukiliharibu usije kunililia hapa."

Maneno yale niliteremka nayo. Kukereza mabakuli ya mninga na mkongo ndiyo kazi inayonilisha, lakini gogo la kununua likipasuka naenda kutafuta jingine. Hili lilikuwa moja.

Kuta za kinu hazikufaa, zilikuwa nyembamba mno. Nilizikata kwa msumeno kikabaki kitako, na ndani yake lile shimo lililochimbwa na mchi wa mama kwa miaka yote ya kutwanga. Halikuwa katikati. Fundi yeyote angeanza kwa kulisawazisha. Nami nilifunga kitako kwenye mashine inayozungusha mti, nikawasha, nikasogeza patasi hadi kwenye ukingo wa shimo.

Nikazima. Nikapitisha vidole mle ndani. Palikuwa laini kuliko ninavyoweza kulainisha kwa msasa wowote. Nikikwangua hapa, niliwaza, atakwenda Iringa na bakuli langu, na mabakuli yangu anayo tayari.

Basi nikakereza nje peke yake. Kila baada ya muda nilisimamisha mashine na kupima unene kwa vidole viwili. Upande mmoja ulizidi kuwa mwembamba, mpaka mlio wa patasi ukabadilika, dalili kwamba mti unakaribia kutoboka. Niliachia hapo, ingawa umbo lilikuwa halijaniridhisha, nikapaka nta.

Mdogo wangu alipokuja kulichukua aliligeuzageuza.

"Dada, mbona limekwenda upande? Ulikuwa unasinzia?"

"Nje nimekereza mimi. Ndani ni mama."

Utani ukamwisha. Alikunja ngumi akaiingiza shimoni, akaiacha humo.

"Alikuwa anatwanga nini?"

"Kisamvu, mara nyingi. Na wewe mgongoni."

"Nalia?"

"Unalala. Ulikuwa unalia akiacha."